Ubao wa mwanga wa mtoto mwenye uoni hafifu: punguza mwanga kwanza ndo ulipe

Wamama wenzangu, mwezi uliopita nilichoma shilingi 4,800 kwa duka moja hapa tao Nairobi. Niliuziwa ubao wa mwanga wa A4, ati wa watoto wenye mahitaji maalum, na kwa boksi kuna stika imebandikwa juu ya maandishi mengine. Kufika nyumbani nikabandua, kumbe ni ile pedi ya kunakili michoro tu, na wiki iliyofuata nikaiona Luthuli Avenue ikiuzwa 1,800. Wueh.

Lakini bei si ndo ilinichoma zaidi. Kijana wangu ana miaka minne, macho yenyewe yako sawa, shida iko kwa ubongo unaosoma kile macho yanaleta, na watoto wa hivyo wengi wanavutwa na mwanga kuliko kitu kingine chochote, so unazima taa za nyumba, unaweka kikombe chekundu juu ya ubao unaowaka, pembeni hakuna kitu, halafu unamngoja akitafute. Sasa huu wangu ukiwa ful ni mkali mpaka anageuza uso, na ukiupunguza unapepesa. Kwa macho huwezi jua. Elekeza kamera ya simu uone mistari myeusi ikitembea.

LED nyingi za bei rahisi hazififishi mwanga, zinawaka na kuzima mbio mbio, na ukipunguza ndo ule muda wa kuzima unaongezeka. Watoto wengi wa hii shida ya ubongo wako na kifafa pia, na kwa wale ambao kifafa chao huamshwa na mwanga, hatari kubwa ni mpepeso wa mara 3 hadi 30 kwa sekunde. Pedi kawaida zinapepesa haraka kuliko hapo, kwa hivyo sisemi itamwangusha, nasema macho yanaweza kuchoka na kichwa kuuma na mtoto mwenyewe hana maneno ya kukuambia, ataonekana tu ni mkaidi hataki kazi. Kama simu imezima, punguza mwanga na upitishe kalamu mbele yake haraka haraka. Ukiona kalamu kumi zimejipanga, achana nayo. Saizi na uzito mtajionea wenyewe.

Sasa ununue gani? Namba moja kwangu ni APH na sifichi, nawapendelea. American Printing House for the Blind wako Louisville, Kentucky, tangu 1858, na vitu vyao vimefikiriwa kwa watoto hawa toka mwanzo. Light Box yao ina vifaa vyake vya kufundishia, Level I mpaka III, na kuna ndogo, Mini-Lite Box. Ya therapisti wetu niliipima na kalamu, nikaipima na kamera, nikaishusha mpaka chini kabisa, mwanga tuli. Shida ni kuileta. Ukijumlisha usafiri na ushuru unaeza lia, na usisahau kusoma chaja, stima ya Marekani ni 120V na yetu ni 240V.

Namba mbili ni iPad ya mtumba. Ina Guided Access inayomfungia mtoto kwa programu moja asitoroke, na kuna programu inaitwa Tap-n-See Now, ilitengenezwa kwa ajili ya watoto hawa hawa. Ila kikombe hutaweka juu yake, na skrini pia uipime, za OLED nyingi zinapepesa ukishusha mwanga.

Tatu ni hiyo pedi ya Luthuli, ikipita mtihani. Nilimwomba kijana wa duka aniwashie sita, zilipita mbili. Alidhani nimechanganyikiwa lakini alikuwa mpole, nikanunua moja.

Tochi na selofani nyekundu inasaidia, basi. Vimishumaa vya LED vya betri ya kitufe usilete nyumbani, mtoto akimeza hiyo betri inaweza kumchoma koo ndani ya masaa mawili.

Ile ya 4,800 nilirudi nayo na kalamu mkononi, nikamwonyesha muuzaji. Akaniangalia akasema, "Sasa mama, si umesema mtoto haoni vizuri? Atajuaje inapepesa?" Pesa sikurudishiwa.