Wakili wa mikataba ya wakurugenzi: nilichopata nilipompelekea kifungu cha parachuti ya dhahabu

Ofisi niliyoitumia ina kazi moja: kusoma mikataba ya ajira ya viongozi wa kampuni kabla hawajatia sahihi. Kesi za mahakamani haichukui, wala haisajili kampuni. Nilielekezwa huko na mwenzangu wa zamani katika idara ya fedha, nilipopewa nafasi ya mkurugenzi mtendaji katika kampuni ya vifungashio ambayo watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba itauzwa. Jina la ofisi sitalitaja, maana nina malalamiko pia, na ninachotaka kupima hapa ni huduma ya aina hii kwa jumla: inafaa au haifai, na inamfaa nani.

Kilichonipeleka ni kifungu kimoja, kile kinachosema nitalipwa nini kampuni ikipata mmiliki mpya. Ndicho kinachoitwa parachuti ya dhahabu. Ni ahadi iliyoandikwa mapema kwamba kiongozi akipoteza kazi kwa sababu ya mauzo ya kampuni, atalipwa kwa mkupuo mshahara wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, bonasi yake, na hisa alizoahidiwa ambazo hazijakomaa, yaani muda wake wa kukabidhiwa haujafika. Mara nyingi na bima ya afya kwa muda fulani. Mafao ya kustaafu ni habari nyingine, maana hayo mtu huyachuma kwa miaka aliyotumikia. Parachuti inaweza kulipwa hata kwa aliyekaa ofisini miezi sita, mradi tukio lililotajwa kwenye mkataba limetokea. Mfano wa kwanza unaotajwa mara nyingi ni wa Charles Tillinghast, aliyepewa kinga ya aina hii mwaka 1961 alipokubali kuiongoza TWA wakati wakopeshaji wa shirika hilo la ndege wakivutana na Howard Hughes, tajiri aliyekuwa mwenye hisa nyingi zaidi, juu ya nani alishike. Katika miaka ya 1980, kampuni za Marekani zilipoanza kununuana kwa fujo, kifungu hiki kilienea kwenye mikataba mingi ya wakuu.

Nilitegemea wakili aanze na kiasi cha pesa. Hakukigusa. Alichukua kalamu akazungushia maneno matatu: "kosa", "mabadiliko ya umiliki" na "sababu ya msingi ya kujiuzulu". Akaniambia, "Dada, pesa yako iko kwenye haya matatu. Kiasi tutakijadili mwishoni." Kwa ushauri huo peke yake ningelipa ada yote bila kinyongo.

Tuanze na kosa. Karibu kila mkataba wa parachuti unasema hulipwi ukifukuzwa kwa kosa. Rasimu yangu ilieleza kosa kuwa ni "mwenendo usioridhisha kwa maoni ya bodi". Ukiisoma haraka, huoni tatizo. Wakili akaniuliza: bodi ipi? Siku kampuni inapouzwa, bodi inayobaki ni ya mnunuzi, na mnunuzi huyo ndiye atakayetoa pesa. Anayedaiwa ndiye hakimu. Akanionyesha yaliyotokea Twitter. Oktoba 2022 Elon Musk alipokamilisha kuinunua, aliwaondoa wakuu wake siku hiyohiyo, akiwamo mkurugenzi mtendaji Parag Agrawal, kwa madai kwamba wamefukuzwa kwa kosa. Machi 2024 wanne kati yao walifungua kesi wakidai zaidi ya dola milioni 128 za malipo ya kuachishwa kazi. Mapatano yalifikiwa mwaka 2025, miaka mitatu baada ya mauzo. Watu wale walikuwa na mikataba iliyoandikwa na mawakili wa hali ya juu, na bado walisubiri muda wote huo.

Kwangu mimi, alichofanya ni kulifuta lile neno "maoni" na kuweka makosa yanayotajika: wizi, udanganyifu, kuhukumiwa kwa jinai, kukataa kwa makusudi kutekeleza agizo halali la bodi baada ya kuonywa kwa maandishi. Kisha akaongeza kwamba lazima nipewe barua inayoeleza kosa lenyewe, nipewe siku za kulirekebisha kama linarekebishika, na nisikilizwe kabla ya kura. Nusu ukurasa tu, na kifungu kikawa na meno.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba hakuishia upande wangu. Alipendekeza mwenyewe kipengele kinachoiruhusu kampuni kudai pesa irudi endapo baadaye itagundulika kwamba nilificha kosa. Sababu yake ilikuwa kisa cha McDonald's. Mkurugenzi wake mtendaji, Steve Easterbrook, aliondolewa Novemba 2019 kwa utaratibu wa asiye na kosa, akaondoka na kitita chake. Mwaka uliofuata kampuni ikapata ushahidi zaidi, ikamshtaki, na Desemba 2021 akarudisha fedha taslimu na hisa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 105. Wakili alisema mteja asiye na la kuficha hapotezi chochote kwa kukubali kipengele hicho, na bodi ikikiona inalegea kwenye mambo mengine. Ilikuwa hivyo hasa. Tulipokutana na kampuni, hicho ndicho kilichofungua mazungumzo.

Neno la pili, mabadiliko ya umiliki, lilichukua muda mfupi: asilimia ngapi ya hisa ikihama ndipo tuseme kampuni imeuzwa, na je, kuunganishwa na kampuni nyingine kunahesabika. Jambo zito lilikuwa jirani yake. Kuna parachuti inayofunguka kampuni ikiuzwa tu, hata kama kiongozi amebaki kitini na mshahara wake. Na kuna inayodai mambo mawili, kampuni iuzwe na kiongozi apoteze kazi ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili baada ya mauzo. Rasimu yangu ilikuwa ya aina ya kwanza, na wapo watakaoniona mjinga kwa kuomba igeuzwe kuwa ya pili. Nilikuwa na nia hiyo kabla sijamwona wakili. Kumlipa mtu fidia ya kupoteza kazi ambayo hajaipoteza hakuna maelezo unayoweza kuwapa wanahisa ukiwatazama usoni.

Neno la tatu ndilo wengi hawalijui, na naona ndilo linalowaumiza zaidi. Mnunuzi mjanja hakufukuzi. Anakuacha na cheo kwenye karatasi, anakuondolea idara moja baada ya nyingine, anakuweka chini ya mtu aliyekuwa akiripoti kwako, anakuhamishia mji mwingine, mpaka uandike barua ya kujiuzulu mwenyewe. Ukishajiuzulu, parachuti imekwisha. Kwa hiyo mkataba mzuri unataja hali ambazo ukijiuzulu utahesabiwa kuwa umeondolewa: kupunguzwa mshahara, kupunguzwa madaraka, kuhamishwa mbali. Wakili aliongeza moja ambayo nisingeifikiria. Ukiwa mkuu wa kampuni inayojitegemea, halafu baada ya mauzo ukawa mkuu wa tawi la kampuni nyingine, hilo nalo lihesabiwe kuwa ni kushushwa, hata kama jina la cheo halijabadilika. Akanionya pia kwamba haki hii ina saa yake: mikataba mingi hukutaka utoe taarifa ndani ya siku 90 tangu hali hiyo ianze, na mwajiri apewe siku 30 kuirekebisha. Anayevumilia akidhani subira itamsaidia, anaipoteza haki yake kimyakimya.

Ndipo tukafika kwenye kiasi. Rasimu ilisema "mara 2.99 ya wastani wa malipo ya mwaka kwa miaka mitano". Nimefanya kazi na tarakimu maisha yangu yote na sikuelewa kwa nini isiwe tatu kamili. Kumbe ni alama ya mahali kifungu kilikonakiliwa. Mwaka 1984 Marekani ilitunga sheria ya kodi kwamba malipo ya namna hii yakifika mara tatu ya wastani huo, kila kinachozidi wastani wa mwaka mmoja kinatozwa kodi ya ziada ya asilimia 20 kwa mpokeaji, na kampuni hairuhusiwi kukitoa kama gharama. Mawakili wa huko wakajibu kwa kuandika 2.99. Sheria iliyokusudiwa kupunguza ikageuka kuwa kipimo ambacho kila mtu anakikimbilia, na mtu aliyeandaa rasimu yangu aliichukua tarakimu hiyo jinsi ilivyo, ingawa sheria yenyewe haikutuhusu.

Nilimwomba wakili aishushe. Katika miaka yangu ya fedha nimeona orodha za mishahara wakati kampuni inauzwa, na nimeona jinsi notisi ya mwezi mmoja inavyomfikia mwendesha mashine aliyekaa miaka kumi na mitano. Siwezi kutia sahihi karatasi inayonipa miaka mitatu. Najua hoja ya wanaotetea parachuti kubwa, na ina uzito: kiongozi anayeogopa kupoteza kazi anaweza kuzuia mauzo yenye faida kwa wanahisa ili tu abaki kitini, kwa hiyo mpe usalama awe huru kuamua. Nakubali. Lakini usalama una kiwango, na kupita kiwango hicho mtu anaweza kuanza kuyatamani mauzo. Robert Nardelli, mkuu wa Home Depot, kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya ujenzi, alipoondoka Januari 2007, wala kampuni haikuwa imeuzwa, kifurushi chake kilikadiriwa kuwa dola milioni 210, huku wanahisa wakiwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba bei ya hisa imedumaa. Hasira za aina hiyo ndizo zilizowafanya wapiga kura wa Uswisi, Machi 2013, wapige marufuku malipo ya kuondoka kwa wakuu wa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa. Waliounga mkono walikuwa karibu asilimia 68. Australia ilichagua njia ya kati mwaka 2009: malipo yakizidi mshahara wa msingi wa mwaka mmoja, wanahisa waidhinishe kwanza. Marekani nayo, kwa sheria ya 2010, inawapa wanahisa kura ya ushauri juu ya parachuti wanapoamua kuhusu mauzo.

Wakili hakunibishia. Alichora jedwali la viwango vitatu, akanionyesha kila kimoja kinanilinda kwa miezi mingapi nikikosa kazi nyingine, akizingatia kwamba mkataba huohuo ulinizuia kwenda kwa mshindani kwa mwaka mzima. Tukachagua mwaka mmoja na nusu. Niliuliza pia kama ninaweza kuweka sharti kwamba wafanyakazi wa kiwandani walipwe haki zao kabla yangu. Akasema ukweli: mahali pa sharti hilo ni mkataba wa mauzo, ambao bado haupo, na mkataba wangu hauwezi kumfunga mnunuzi kwa watu wengine. Alinishauri niliandike kama ombi rasmi kwa bodi, na akanisaidia kuliandika bila kulitoza ada.

Sasa malalamiko, na si madogo. Barua ya kwanza waliyoipeleka kwa kampuni sikuonyeshwa kabla haijaondoka. Ilikuwa na lugha ya kutisha, kana kwamba tuko vitani, na nililazimika kumpigia simu mwenyekiti wa bodi kutuliza hali. Kwa mtu anayekwenda kufanya kazi na bodi hiyohiyo, hilo ni kosa kubwa la huduma. La pili ni kodi. Hawashughuliki na kodi, sawa, lakini waliniambia dakika za mwisho, nikakimbilia mhasibu wa kodi wakati tarehe ya sahihi imekaribia. Ilibidi kulisema siku ya kwanza.

Ada yao ni ya jumla, inayojulikana kabla ya kuanza, na jambo hilo nalipenda sana. Nilizungumza pia na ofisi nyingine iliyotaka asilimia ya kile watakachoniongezea, na nikaondoka. Anayelipwa kwa nyongeza hawezi kukushauri upunguze.

Huduma hii naipendekeza kwa anayeingia nafasi ya juu katika kampuni inayoweza kununuliwa, na kwa wajumbe wa bodi wanaotaka kuelewa wanachokiidhinisha. Kwa meneja wa kawaida mwenye mkataba wa kurasa tatu, wakili yeyote mzuri wa ajira anatosha. Ukienda, beba katiba ya kampuni, masharti ya mpango wa hisa na barua ya ajira ya awali, kwa sababu maana ya "mabadiliko ya umiliki" inaweza kuwa moja kwenye mkataba na nyingine kwenye mpango wa hisa. Kwangu zilitofautiana, na kuzioanisha kulichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote. Na waambie kwa maandishi, siku hiyo hiyo ya kwanza, kwamba hakuna barua itakayotoka bila wewe kuisoma.