Kipima usingizi cha mkononi kwa rubani wa usiku: kizuri, lakini hudanganyika

Ukikiona kwa mbali utadhani ni saa ya mtoto iliyoisha betri. Kidude cheusi cha plastiki, mkanda wa mpira, kitufe kimoja ubavuni, na hakuna kioo cha kusoma chochote. Shangazi yangu wa Mombasa alikitazama akauliza kama siku hizi napimwa presha kazini. Nikamwambia napimwa usingizi. "Usingizi nao unapimwa? Si wakuulize tu kama umelala!"

Basi hata kuuliza wanauliza, nitafika huko.

Mimi ni rubani msaidizi wa ndege za mizigo, na makao yangu ya kazi ni Ghuba. Kampuni yetu iliomba wanaojitolea wavae aktigrafu, ndilo jina la kifaa chenyewe, ili ijue ratiba za usiku zinatufanya nini. Jina la mtengenezaji naliacha. Vya aina hii viko vingi na kazi yao ni moja. Ndani kuna kihisi cha mwendo. Kila nusu dakika au dakika kinaandika mkono umetikisika kiasi gani, kisha programu inakadiria: mkono umetulia muda mrefu, amelala, unachezacheza, yuko macho. Chetu kinapima na mwanga pia. Huvaliwa mkono usioandikia, mchana na usiku, na betri inakaa wiki kadhaa, kwa hiyo chaja unaisahau kabisa. Hapo nakipa alama zote.

Safari iliyonitia hamu ya kujitolea ni ya maua. Tunaondoka Nairobi saa nne usiku na waridi, tunatua Liège, Ubelgiji, mwili ukisema ni saa kumi na mbili asubuhi na saa ya ukutani ikisema kumi alfajiri. Yaani tumeruka katika ule muda wote ambao mwili unataka kuzimika, kuanzia saa nane usiku mpaka kumi na mbili. Halafu unapelekwa hoteli ukalale mchana kweupe. Marekani ilipobadilisha kanuni za mapumziko ya marubani, zikaanza kutumika Januari 2014, ndege za mizigo ziliachwa nje. Sisi haturuki chini ya kanuni hizo, lakini jambo hilo huniudhi kila nikilikumbuka, maana mwili haujui kama nyuma kuna abiria au kuna waridi.

Nilipoletewa grafu yangu nilikaa nayo muda mrefu. Kila siku ni mstari mmoja, mistari imepangwa juu kwa juu. Mwendo ni weusi, utulivu ni weupe. Siku za likizo Mombasa ni raha kuzitazama: weupe unaanza usiku mahali pale pale, alfajiri kunachomoza kijiti kifupi cheusi, ndiyo naamka kuswali, kisha weupe tena mpaka asubuhi. Vijiti vyenyewe vimesimama safu moja, siku baada ya siku. Shuka sasa kwenye wiki ya kazi. Weupe umechanikachanika kama chapati iliyogombaniwa: kipande hapa adhuhuri, kipande kule magharibi, kijipande kwenye kitanda cha ndegeni. Kwa mdomo nisingeweza kuieleza kampuni hivyo. Ningesema "nilichoka", na wao wangesema poleni.

Sasa kasoro, nayo ni kubwa. Mimi nikikosa usingizi situpitupi mwili. Nalala chali, kitambaa cha macho usoni, mapazia yamefungwa, nasikiliza malori ya barabarani na kuhesabu zimebaki saa ngapi tuondoke. Kifaa kinaona mkono umetulia, basi kimeridhika: amelala. Asubuhi moja ya Liège kiliandika usingizi mtamu tangu dakika niliyojilaza, na mimi nilikuwa macho nikiwalaani wenye malori. Si changu pekee kilicho hivyo. Vikilinganishwa na kipimo cha maabara, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, vifaa hivi hupatia kwenye usingizi zaidi ya mara 90 kwa 100, lakini kukesha kwa aliyetulia kimya mara nyingi hupitwa na nusu yake au zaidi. Sasa fikiria ni nani hukesha ametulia kimya: rubani hotelini mchana, anayejilazimisha kulala kwa sababu usiku ana ndege.

Ndiyo maana wanatupa na daftari. Ukijilaza unabonyeza kitufe na kuandika saa, ukiamka hivyo hivyo, na kabla ya kazi unajipa namba ya uchovu kwa kipimo cha Samn-Perelli, 1 ukiwa mwepesi kabisa, 7 ukiwa hoi. Saa zote huandikwa kwa Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima (UTC) inayotumiwa na marubani. Wenzangu Wazungu hupiga hesabu kwa vidole, mimi nina njia yangu ya mkato: chukua Zulu, toa tatu, hiyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani. Daftari linachosha, hasa ukiwa umesinzia, na wapo wanaolijaza lote kwa mkupuo siku ya mwisho. Hao ni heri wasingevaa.

Tatizo jingine ni udhu. Maji hakiogopi, lakini lazima yafike chini ya mkanda, na ukikivua mara tano kwa siku unaacha mapengo kwenye grafu, kila pengo ukaulizwe. Nikawa nalegeza tundu mbili na kukisogeza juu ya kifundo. Mkanda wenyewe, kwa joto la Ghuba, ulinitia vipele. Mtengenezaji aweke wa kitambaa. Na ndegeni, hewa ikichafuka, kitanda kikitikisika mkono nao unatikisika, kifaa kinadhani uko macho, na hapo tena daftari ndilo likuokoe.

Rubani mwenzangu ukiombwa kuvaa, uliza kwanza data inakwenda kwa nani. Yetu ilikwenda kwa watafiti kwa namba, bila jina, na mkuu wa marubani aliona wastani wa kundi tu. Tulisainishana kabla ya kuvaa. Bila karatasi hiyo ningekirudisha kwenye boksi, kwa sababu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu akaruka anaweza kugeuziwa kosa wakati ratiba ndiyo iliyomnyima.

Nilivyoahidiwa hivyo, ningevaa tena kesho. Kwa nyota tano nakipa tatu na nusu kikiwa peke yake, nne na nusu kikiwa na daftari la mtu mkweli. Kama wewe si rubani na unataka tu kujua unalalaje, usihangaike nacho: bei yake ni mamia ya dola, hakikuambii kitu mpaka kichomekwe kwenye kompyuta yenye programu yake, na grafu inataka mtu aliyezoea kuisoma. Saa ya michezo ya dukani itakutosha.