Uzoefu wangu na IBM Quantum ya bure, kwa jicho la fundi madishi wa Arusha

Kazi yangu ni madishi. Nafunga LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea na kukuza mawimbi), ving'amuzi na intaneti ya setilaiti kwenye kambi za watalii, kwahiyo mtu akitaja kelele (fujo inayochanganyika na mawimbi unayoyataka) na desibeli (kipimo cha nguvu zake) lazima nigeuke. Chalii mmoja anayesoma chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru ndo alinitumia linki ya IBM Quantum akaniambia "fundi, hawa wana tatizo kama lako ila lao limezidi". Nimekaa nayo muda sasa, naifungua jioni nikirudi nyumbani Sakina, na haya ni maoni ya mtu wa mawimbi sio mwanahesabu, ukitaka habari za kuvunja pasiwedi za benki hapa sio penyewe.

Kwa asiyejua, ni huduma ya kutumia kompyuta ya kwantamu ya kweli kupitia intaneti. Waliweka ya kwanza mtandaoni 2016 ikiwa na kyubiti 5 (kyubiti ni kile kipande kinachobeba 0 na 1 za kompyuta hiyo), saivi wana za zaidi ya 100, na kifurushi cha bure kinakupa dakika 10 za mashine kwa kila siku 28. Najua dakika 10 zinachekesha. Ila zinahesabiwa mashine ikiwa inafanya kazi yako tu, ukiwa kwenye foleni hazitembei, ukiandika kodi ya programu hazitembei, na jaribio ninalolisema hapa linakula sekunde chache mno. Bando nalo haliliwi, unatuma maandishi unapokea namba.

Sasa utamu wenyewe. Kyubiti zao ni saketi ndogo za supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila kuuzuia) zinazokaa kwenye friji la milikelvini 10 hadi 20 hivi, yaani nywele tu juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, na huwezi kuingiza kipimo ukazigusa kama unavyopima waya. Kila kyubiti ina rezoneta pembeni yake, saketi inayoitikia frikwensi yake maalum, unairushia rezoneta maikrowevu ya kama gigahetsi 7, na kinachorudi kinakuwa kimesogea feizi kidogo, yaani wimbi limewahi au limechelewa, kutegemea kyubiti ipo kwenye 0 au 1. Ukirusha nguvu nyingi unaivuruga kyubiti yenyewe, kwahiyo wanarusha kidogo sana na kinachorudi ni fotoni chache (vipande vidogo kabisa vya wimbi), huko dBm hasi 120 au chini yake, hafifu mno. Mimi nikikuta mawimbi ya hivyo kwa mteja namwambia tuhamishe dishi.

Fundi yeyote wa dishi anajua LNB ndo kila kitu. Kelele ikishaingia pale mwanzo hakuna amplifaya ya mbele itakayoitoa, itaikuza pamoja na picha yako. Kwa hawa ni hivohivo, ila namba zao zinatisha: LNB iliyoandikwa 0.3 dB ina kelele ya kama kelvini 21, wakati fotoni moja ya gigahetsi 7 ukiipima kwa joto ni kelvini 0.34 tu. Kwahiyo ndani ya friji, kwenye ngazi ya kelvini 4, wanaweka amplifaya ya HEMT (aina ya transista yenye kelele ndogo) ya indiamu fosfaidi yenye kelele ya kelvini 2 hivi, kwetu huku ni muujiza, lakini piga hesabu, hiyo bado ni kelele ya kama fotoni 6, na wewe unatafuta fotoni chache hizohizo. Bas kabla ya HEMT, kule chini kabisa karibu na chipu, wanatanguliza amplifaya ya parametriki iliyojengwa kwa makutano ya Josephson (supakondakta mbili zilizotenganishwa na tabaka jembamba), ambayo haili umeme wa kawaida bali inanyonya nguvu kutoka kwenye wimbi lingine la kuipampu. Kuna moja iliyotangazwa 2015, ya aina ambayo wimbi linakuzwa huku likisafiri kwenye mstari wa makutano zaidi ya 2000, ikakuza kwa desibeli 20 kwenye upana wa gigahetsi kadhaa, maana yake kyubiti nyingi zinaweza kusomwa kwa waya mmoja. Desibeli 20 ni mara 100, kwahiyo zile kelvini 2 za HEMT ukizirudisha mwanzo wa mnyororo zinabaki 0.02. Aisee hapo nilitulia kidogo. Na bado kuna mpaka hauvukiki, mwanafizikia Carlton Caves alionyesha 1982 kwamba amplifaya inayokuza feizi zote sawasawa lazima iongeze angalau nusu fotoni ya kelele, hata uwe fundi wa namna gani.

Nikamuuliza chalii, sasa kwanini wasiishushe HEMT yenyewe chini. Joto. HEMT inakula miliwati na friji kule chini lina uwezo wa kuondoa joto la mikrowati tu. Ndo maana nilipenda habari ya chuo cha Chalmers kule Uswidi mwaka 2025, wametengeneza HEMT inayowaka pale tu kyubiti inaposomwa, inaamka ndani ya nanosekunde 35 na inatumia kama sehemu moja ya kumi ya umeme wa zile nzuri zilizopo.

Turudi kwenye huduma. Ukiitumia kama wengi wanavyoitumia utapata 0 na 1 zimeshakatwa na hutajua kama kuna amplifaya duniani. Ila kwenye SamplerV2, kifaa cha Qiskit (programu ya IBM ya kuandikia saketi), kuna seting inaitwa meas_type, itoe kwenye "classified" weka "kerneled", hapo inakuletea namba changamano moja (yenye sehemu mbili, ndo nukta moja ya grafu) kwa kila pigo, yaani kila saketi inaporudiwa mara moja, nayo ni kile kilichopita kwenye mnyororo wote wa amplifaya kabla mtu hajaamua ni 0 au 1. Unatuma saketi mbili, moja haifanyi kitu inasoma tu, nyingine inaweka geti ya X (inayogeuza 0 kuwa 1) halafu inasoma, unachora nukta zote kwenye grafu. Yanatokea mawingu mawili. Unene wa wingu ni kelele, umbali kati yao ni mawimbi yako, na pale yanapogusana ndo makosa ya usomaji yanapozaliwa. Nimefunga madishi miaka yote hiyo nikiangalia kelele kama asilimia kwenye kioo cha kipimo, hapa naiona kwa umbo lake.

Kitu kilichonishika zaidi ni mkia. Wingu la 1 mara nyingi lina nukta zinazovutwa kuelekea wingu la 0, na hizo sio kosa la amplifaya, ni kyubiti iliyoanguka yenyewe katikati ya kusomwa. Kwahiyo kuna mbio: ukisoma muda mrefu kelele inapungua ila kyubiti inakufa mikononi, ukisoma haraka inabaki hai ila mawingu yananenepa. Amplifaya nzuri ndo inakuruhusu kusoma haraka. Nilikuwa nimesoma hilo kwenye maandishi likapita, kwenye grafu halipiti.

Mapungufu? Mnyororo wenyewe huugusi. Huwezi kuzima amplifaya ya mwanzo uone mawingu yanavyovimba, huwezi kuongeza wala kupunguza pampu, na ile njia ya kupanga mwenyewe mawimbi ya maikrowevu yanayotumwa iliondolewa 2025. Maelezo yote ni Kiingereza na yanadhani tayari unajua Python, lugha ya kuandikia programu. Simuleta ya kwenye laptopu ni nzuri kwa kukagua kodi yako kabla hujatumia dakika zako, ila mawingu haya haikupi, inakupa makosa uliyoipangia. Mtandao ninaotumia nyumbani hulala mvua ikianza, hapo nashukuru kazi ikishaingia foleni inaendelea hukohuko na ukirudi unaichukua kwa namba yake.

Nyota 4 kati ya 5. Vijana wa elektroniki na mawasiliano itawafaa kuliko wanavyodhani, wa programu tupu wataichoka mapema. Ukianza, fungua kwanza jedwali la hali ya mashine, tafuta kyubiti yenye makosa makubwa ya usomaji na nyingine yenye madogo, zisome zote kwenye kazi moja, chora kwa skeli moja. Na upande wa namba za pigo weka elfu kadhaa, mia mbili tatu hazitoshi kuuona ule mkia.