Uzoefu wangu na amri ya mount: pasipo hatari inalia, penye hatari inanyamaza

Hapa Nyawera, Bukavu, tunachapa TFC (kazi za kumalizia masomo) za wanafunzi, tunatoa fotokopi na kuhamisha picha za harusi kutoka kwenye kadi za kamera. Mashine zetu ziko kwenye Debian, mfumo wa aina ya Linux, sababu kubwa ni virusi vinavyosafiri na flashi za wateja. Ile inayohifadhi kazi zote tunaiendesha kwa terminali tu, yaani kwa kuandika amri, kwa hiyo kila diski inayoingia tunaipachika wenyewe kwa amri ya mount: tunaiunganisha na folda ili mafaili yake yaonekane humo.

Amri yenyewe sina neno nayo. Ni nyepesi, haisumbui, na ikifaulu haisemi kitu. Vijana wapya hukaa wakiisubiri ijibu, kumbe kazi imeshaisha.

Shida ni inapoamua kusema. Kuna ujumbe mmoja mrefu ambao kila anayepachika diski amewahi kuuona: aina ya mfumo wa mafaili si sahihi, au chaguo ni baya, au superbloku ni mbovu, au kuna programu saidizi inayokosekana, au kosa jingine. "Au kosa jingine"! Mteja amesimama mbele yako, muda wa kupeleka kazi yake unakaribia, na wewe umepewa orodha ya kubahatisha. Mara nyingi kisa ni kidogo tu: mtu ameandika /dev/sdb badala ya /dev/sdb1, yaani ameelekeza kwenye diski nzima na si kwenye kigawe chake. Piga lsblk -f kwanza, uone vigawe vyote na aina zake. Kisha dmesg | tail, inayoonyesha mistari ya mwisho ya kumbukumbu za kerneli, kiini cha mfumo, maana hiyo ndiyo inayojua kilichotokea. Matoleo ya karibuni ya mount yanakukumbusha kuitazama dmesg, nayo ni hatua nzuri, ila kwa nini isiniletee yenyewe huo mstari mmoja?

Onyo la kadi za kamera ni fupi lakini linatisha: chanzo kimezuiwa kuandikwa, kimepachikwa kwa kusoma tu. Juzi kijana wa zamu alilisoma akamgeukia mpiga picha: "Papa, kadi yako imekufa." Mzee wa watu akanyamaza, harusi nzima imo humo. Nikaichomoa. Ubavuni mwa adapta ya SD kuna kitufe kidogo cha kusukuma, na kilikuwa kimeteremka upande wa kufungia. Picha zilikuwa zinasomeka muda wote; onyo halikusema kwamba kadi ni mbovu, ila halikusema pia pa kutazama.

Onyo linaloandikwa vizuri kuliko yote ni la ntfs-3g, programu ambayo mount huitumia kwa diski zinazotoka kwenye Windows. Linakueleza kwamba diski haikufungwa sawasawa, kwamba imepachikwa kwa kusoma tu, na kwamba uizime Windows kabisa. Tangu Windows 8 ya 2012 kuna uwashaji wa haraka, na ukiwa umewezeshwa, kuzima kwa kawaida ni nusu usingizi. Mwambie mteja ashikilie Shift anapobonyeza kuzima, kisha akuletee diski. Usikimbilie chaguo la remove_hiberfile: linafuta kikao kilicholala, pamoja na kazi ambayo mwenyewe hajaihifadhi.

Sasa hili ndilo linaloniudhi hasa. Ukipachika diski juu ya folda yenye mafaili tayari, mount haisemi hata neno. Mafaili ya mwanzo yanafunikwa, unaona ya diski tu. Hapa kwetu skani za wateja "zilipotea" namna hiyo, watu wakaanza kulaumiana. Umount moja, amri ya kuibandua diski, ikazirudisha zote. Lakini ukigusa kidogo tu faili ya fstab, orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, mount inakuambia kila mara kwamba systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine, bado inatumia toleo la zamani, upige systemctl daemon-reload, na inasema hivyo hata pale diski imepachikwa salama. Anayeanza anadhani imeshindikana, anarudia.

Na kwa kuwa nimeitaja fstab: kwa umeme wetu huu, diski ya nje iandikiwe nofail. Bila hiyo, umeme ukirudi na diski haijachomekwa, mashine inaisubiri dakika moja na nusu halafu inaangukia hali ya dharura, asubuhi wateja wamepanga mstari.

Amri naipa nyota nne kati ya tano, maonyo yake nayapa mbili. Kama kompyuta yako ina skrini ya kawaida na unahamisha flashi tu, acha kidhibiti cha mafaili kikupachikie. Anayehudumia diski za watu kama sisi ajifunze mount, na awe na folda tupu moja chini ya /mnt kwa kila diski, isiyowekwa kitu kingine chochote.