Kujinyima au kula kwa ratiba?

Aliyekula kupita kiasi usiku, peke yake jikoni, akikomba ukoko wa wali sufuriani, kesho yake hukimbilia kujinyima. Namwelewa, lakini njia hiyo humrudisha palepale. Katika jaribio lililoanza 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Baadaye wapo waliokula bila kuweza kujizuia.

Kula kwa ratiba ni milo mitatu na vitafunio katikati, usikae zaidi ya saa nne bila kula. Mwanzoni inatisha, hasa chai ya asubuhi baada ya usiku mbaya. Chai hiyo, tafadhali, usiiruke. Na kama unajitapisha, muone daktari wiki hii.