Darasa la kusuka karatasi Mji wa Kale: mafunzo mazuri, karatasi mpya za manila nyingi mno

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimewapeleka binti yangu wa miaka saba na mpwa wangu wa miaka mitano katika darasa la kusuka karatasi linalofanyika ghorofani katika nyumba moja ya Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Fort Jesus. Tangazo lilisema kwamba watoto wangesuka kwa vitu vya kutupwa, na ahadi hiyo ndiyo iliyonivuta.

Ufundishaji hauna dosari kubwa. Somo la kwanza lilikuwa mkeka mdogo: karatasi nene hukunjwa katikati, ikachanjwa kwa makasi kuanzia kwenye mkunjo, na ukingo wa upana wa vidole viwili ukaachwa bila kukatwa, hivi kwamba ikikunjuliwa huwa ni mtande, yaani kanda za kusukia, uliokwisha kuwa tayari. Ukanda wa rangi nyingine hupitishwa juu na chini hadi mwisho, na ukanda wa pili huanza kinyume cha wa kwanza. Hapo ndipo watoto wengi walipokosea. Mwalimu hakuwasahihisha, bali aliwaambia wainue kazi zao, na kanda zote zilipoporomoka mezani akawauliza sababu. Binti yangu alitazama kwa muda, akajibu, "Zote zimepita mlango mmoja, mwalimu." Sidhani kama atalisahau somo hilo.

Wiki ya pili ilikuwa bora zaidi. Kipande kirefu cha gazeti huviringwa kwa mshazari juu ya kijiti cha mishikaki, ncha ikabandikwa, kijiti kikachomolewa, na mrija unaobaki huwa mgumu kuliko mtu anavyodhani. Mmoja ukiisha, mwingine huchomekwa ndani yake na kazi ikaendelea. Mirija inayosimama kama nguzo za kikapu lazima iwe witiri, tuseme 11 au 13, kwa kuwa ikiwa shufwa, mrija unaozunguka utapita kila mara palepale ulipopita mwanzo, na kikapu hakitashikana.

Malalamiko yangu ni juu ya vifaa. Mkeka wa wiki ya kwanza ulisukwa wote kwa manila mpya zilizonunuliwa dukani, na nilipouliza niliambiwa kwamba karatasi kuukuu hazina rangi za kupendeza. Jibu hilo halikuniridhisha, kwani ni nyumba gani hapa Mombasa isiyokuwa na kalenda ya mwaka uliopita au paketi tupu za unga wa mahindi? Tulijaribu nyumbani: karatasi ya kalenda ni nzito na laini, kanda zake huteleza vizuri na kukazika, ilhali gazeti lisiloviringwa huchanika mapema. Ada ya shilingi 400 kwa kila mtoto ingeeleweka zaidi kama fedha hizo zisingekuwa zikinunua manila.

Jambo la pili ni gundi. Ya darasani hupikwa kwa unga wa ngano, nayo ni salama kwa watoto na hushika barabara, lakini kikapu chetu kilipokaa siku nne kwenye rafu ya jikoni kilikuwa kimekwisha kutafunwa na mende, na unyevu wa masika ukailegeza mirija iliyobaki. Kukipaka kikapu gundi nyeupe nje na ndani, kisha kukiacha kikauke kabisa, kungepunguza hasara hiyo, na wazazi walistahili kuambiwa mapema.

Mpwa wangu hakufaidika sana. Makasi yalimshinda, na mwalimu mmoja hawezi kuwashika mikono watoto kumi na wanne. Nadhani umri wa miaka sita ndio unaofaa kuanzia.

Mama yangu, aliyesuka ukili, ule ukanda mrefu wa miyaa unaoshonewa mikeka, tangu usichanani, aliupokea mkeka wa binti yangu, akaugeuza, akaupitisha kidole katikati ya kanda mbili. "Kaza, mjukuu wangu," alisema, "hapa mchele utapita." Jioni ile walikaa barazani wakaufumua wote na kuusuka upya, safari hii kwa mshazari kama ukili wenyewe, jambo ambalo darasani halijafikiwa bado.

Jumamosi ijayo nitampeleka binti yangu peke yake, na kalenda ya mwaka jana nimekwisha kuitungua ukutani.