Fundi wa Chikongola kaipunguzia piano ya Rhodes uzito, kazi safi

Jamani huyu fundi seremala wa Chikongola hapa Mtwara anajua. Bendi yetu ina Rhodes ya zamani, ile piano ya umeme, modeli ya Stage ya kii 73, inakaribia kilo 60, kuipandisha kwenye kirikuu kwenda kupiga Lindi ni shughuli. Kaifungua akaona uzito mwingi uko kwenye fremu na vile vyuma vinavyotoa sauti, hapo hakugusa kabisa maana ukigusa umeua sauti, akapunguza boksi tu, kaweka la plaiwudi nyembamba lenye kona za alumini, miguu na pedeli vina begi lao. Boksi la zamani katurudishia zima, hilo nimelipenda mno! Bei imechangamka kidogo, na mfuniko ungebana zaidi maana upepo wa bahari huku unakula chuma.